Vidonge vya Madhabahuni

Wayua hakuwa mnene. Niliseme hilo mapema, maana watu wa kijiji chetu cha Tulia waliposikia ana mafuta kwenye damu, walichofanya kwanza ni kumcheka. Mwanamke mwembamba vile, shingo ndefu, mikono imekauka kwa kutwanga, anakula muthokoi mchana na jioni anapasha moto uliobaki, leo aambiwe ana kolesteroli! Kwa watu wa pale kolesteroli ilikuwa ugonjwa wa wenye matumbo, wale wanaosimamisha magari mjini Kabati wakaagiza mbuzi mzima. "Mama Kyule, hayo mafuta uliyatoa wapi na hukutugawia?" wakamtania sokoni. Naye akacheka pamoja nao, kwa sababu siku hiyo angalau kulikuwa na watu waliozungumza naye kwa muda mrefu.

Kazi yake ilikuwa kuuza muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu hadi ganda likatoka, na wa kwake ulisifiwa kwa weupe. Alitwanga mwenyewe nyuma ya nyumba, akapepeta, akaanika, na siku ya soko akawapimia wateja kwa gorogoro lililojaa hadi likamwagika. Lakini soko huvunjika, na kila mtu hurudi kwake. Kwake Wayua kulikuwa na nini? Mulwa, mumewe, alikuwa amezikwa kando ya shamba la mbaazi miaka mingi iliyopita. Kyule, mtoto wake wa pekee, aliuza misumari na simiti katika duka moja kule Emali, kwenye barabara ya Mombasa, na alipiga simu Jumapili jioni huku akihudumia wateja. Na Kanini, jirani wa ng'ambo ya ua wa minyaa, hakuwa amekanyaga kwake tangu ugomvi wa mbuzi. Mbuzi wa Kanini walimaliza mbaazi za Wayua msimu mmoja, Wayua akasema neno moja, Kanini akarudisha mengi, na tangu hapo wakawa watu wa kusalimiana kwa kichwa. Nyumba ikabaki kimya, kile kimya cha kumfanya mtu mzima aongee na sufuria.

Habari ya mafuta ilianzia kanisani. Ilikuwa kambi ya matibabu ya bure, mahema uwanjani, watu wamepanga foleni tangu asubuhi kupimwa hiki na kile. Wayua alijiunga na foleni kwa sababu wengine walikuwa kwenye foleni. Akatolewa damu, na baadaye akaitwa tena na daktari wa kliniki moja ya Kabati, msichana wa kutoka Nyeri aitwaye Wacuka, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka.

"Mama, kwenu kuna mtu alienda ghafla?" Wacuka akamwuliza.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo. Kijijini watu walikuwa na majibu yao tayari. Wayua akasimulia: mama yake, aliyeketi chini kwenye foleni ya kusaga unga posho mil na asiinuke; kisha Kiema, mdogo wake, aliyeanguka akilima huku ameshika plau, na ng'ombe wakaendelea mbele kidogo kabla ya kusimama. Watu walisema ni uchawi. Palitajwa hadi jina la aliyeroga.

"Hii inaweza kuwa imetembea kwa familia yenu," Wacuka akasema. "Haiangalii kama mtu ni mnene. Mafuta yanashika kwa mishipa polepole na husikii kitu, hadi siku moja moyo unakosa damu. Lakini dawa iko. Kidonge kimoja jioni, baada ya chakula. Na usiache, mama. Hii ni ya kuendelea nayo."

Wayua akasikia. Ila neno "kuendelea" alilisikia kwa masikio ya mtu aliyewahi kunywa dawa za malaria na za kifua: unaendelea mpaka unapona, halafu basi. Akafunga pakiti kwenye ncha ya leso, akarudi nyumbani akimuwaza Kiema na wale ng'ombe.

Aliogopa, na nisiseme uongo, aliogopa sana. Kila jioni, baada ya kula, alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaweka kidonge kiganjani, kidogo, cheupe, akakitazama. Hakuna aliyemwona akikimeza. Ndicho kilichomkera zaidi kuliko ugonjwa wenyewe: kwamba angeweza kukimeza au kukitupa kwa kuku, na duniani pote pasiwe na mtu wa kusema lolote.

Ndipo akaja Nduku.

Nduku alikuwa kiongozi wa ushirika wa akina mama, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, ambaye akisikia kuna mgonjwa hawezi kutulia. Akatangaza kwamba ushirika wa nyumbani, ule wa kila Jumatano, utahamia kwa Wayua hadi Bwana atende. Wakaja. Wakaja na majani ya chai na sukari, na mmoja akaja na kuku. Wakajaza sebule, wakakalia vitanda, wakaimba kwa Kikamba hadi mabati yakatikisika. Waliomba wakiwa wamemwekea mikono mabegani, na Wayua akalia, wakadhani analilia ugonjwa. La. Alikuwa analia kwa uzito wa ile mikono. Tangu mazishi ya Mulwa hakuna mtu aliyekuwa amemgusa zaidi ya kumpa mkono wa salamu.

Alifurahi jamani! Jumanne alifagia uwanja wote hadi kwenye ua. Jumatano aliinjika chai mapema mno, ikachemka hadi ikawa nyeusi. Alijua kabisa kwamba anafurahia kuugua, akaona haya kidogo, halafu akaongeza maji kwenye chai.

Miezi ikasonga. Wacuka akamwita Kabati kupimwa tena, na safari hii akatabasamu kabla hajasema neno. "Mama, umefanya vizuri sana. Kolesteroli imeshuka, iko sawa kabisa." Akaendelea kusema mengine, ya chakula, ya kutembea, ya kurudi kuchukua dawa zaidi. Wayua hakuyasikia. Alikuwa amesimama tayari, anatafuta simu kwenye mkoba.

"Nduku! Nduku, iko sawa!" alipaza sauti pale pale mlangoni pa kliniki.

"Aiya! Bwana asifiwe!" Nduku akapiga kelele upande wa pili. "Jumapili utasimama, Wayua. Jumapili lazima usimame!"

Kanisani kwao pana desturi moja. Mtu akiponywa, hutoa ushuhuda mbele ya wote, kisha huacha madhabahuni kile alichokuwa akikitegemea. Kuna kapu kubwa la ukindu mahali pale. Ndani yake mna mikongojo, mishipi ya kiuno, chupa za dawa, na wakati fulani mlikuwa na miwani ya mzee mmoja ambaye baadaye aliirudia kimya kimya baada ya kugongana na ng'ombe. Wayua alikuwa akiliona kapu hilo tangu aokoke, na hakuwahi kufikiri litamhusu.

Siku hiyo alivaa nguo ya kitambaa cha buluu. "Bwana asifiwe," akaanza. "Mimi nimeokoka na ninampenda Yesu. Mlijua nilikuwa na mafuta kwa damu. Mama yangu alienda nayo, Kiema akaenda nayo. Leo daktari amepima, ameyatafuta, hayako!" Kanisa likalipuka. Vigelegele, ngoma, watu wamesimama juu ya viti. Mchungaji Evanson akauliza kwenye kipaza sauti, "Na zile dawa, dada yetu?" Wayua akafungua mkoba, akatoa pakiti, nusu ikiwa bado imejaa, akaiweka kapuni. Hakulazimishwa na mtu. Tuseme ukweli: wakati huo, watu wote wakimshangilia, angeweka hata viatu.

Jumatano ikafika. Akafagia uwanja, akainjika chai. Saa ya ushirika ikapita. Akapiga simu.

"Wewe si ulipona, dada?" Nduku akasema kwa upole, nyuma yake watu wakiimba. "Sasa tuko kwa baba ya Nzisa, ule mguu umemsumbua. Tuombee huko uliko!"

Hakuwa na ubaya, Nduku. Mtu ana magoti mawili na Jumatano moja, na wagonjwa ni wengi. Lakini Wayua alikaa na sufuria nzima ya chai mbele yake, akanywa kikombe, akanywa kingine, nyingine akaimwaga kwenye shina la mpapai. Hakuwa amefikiria kwamba uponyaji unaweza kumwondolea watu.

Sasa hakuwa na ushirika, na hata kidonge cha kukitazama jioni hakuwa nacho.

Wacuka ndiye aliyempigia. Mbona hajaja kuchukua dawa? Wayua akaenda Kabati kwa adabu tu, kumwambia binti wa watu habari njema. Wacuka akamsikiliza hadi mwisho, hakumcheka. Kisha akampima tena. Yale majibu yalipotoka, akavuta kiti karibu.

"Mama, yamerudi."

"Yametoka wapi tena? Ulisema yako sawa."

"Yalikuwa sawa kwa sababu ya dawa." Wacuka akafikiri kidogo. "Mnafuga mbuzi kwenu? Mbuzi akifungwa kamba hali mbaazi za watu. Sasa wewe ukiona mbaazi ziko salama, utasema mbuzi ameacha tabia, umfungue?"

Kati ya mifano yote ya dunia, msichana huyu wa Nyeri amechagua mbuzi na mbaazi.

"Kwa hivyo nilisema uongo," akasema hatimaye. "Mbele ya kanisa."

"Hukudanganya, mama. Hukuelewa. Labda mimi pia sikueleza vizuri." Akampa pakiti mpya. "Lakini sasa umeelewa."

Hapo ndipo upweke wake ulipoanza hasa. Ule wa zamani ulikuwa wa kukosa watu; huu ulikuwa wa kuwakwepa. Alificha pakiti ndani ya kopo la chumvi. Akila, alifunga mlango na komeo kabla ya kumeza, kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe. Angemwambia nani? Akisema anakunywa dawa, ushuhuda wake umekuwa bure, na vile vigelegele vilipigwa bure, na jina lake litatajwa kila penye chai. Akiacha kunywa ili ushuhuda uwe kweli, basi yuko Kiema, ameshika plau. Akachagua kuishi, lakini kwa siri.

Jioni moja, jua likiwa limegusa vilima, Nduku akapita. Alikuwa anatoka sokoni, miguu imechoka, akasema ngoja nimwone dada yangu. Miezi yote Wayua alikuwa ameomba jambo hili moja, mtu aingie bila kuwa na shughuli. Akamkaribisha, wakanywa chai, wakacheka habari za baba ya Nzisa. Kisha wakala pamoja. Na chakula kilipoisha, Wayua akaanza kutazama kopo la chumvi.

"Giza linaingia, dada," akasema.

"Si kuna tochi kwa simu," Nduku akajibu, akanyoosha miguu.

"Na hiyo njia ina nyoka siku hizi."

Nduku akamtazama. Akavaa viatu taratibu, akaaga. Wiki hiyo Wayua akasikia sokoni kwamba tangu aponywe amejaa kiburi, hata mgeni humfukuza na mate ya chakula mdomoni. Hakujitetea. Alimeza dawa yake, akaketi, akajichukia.

Pengine angeendelea hivyo hadi kifo. Lakini Jumapili moja, wakati wa shuhuda, akasimama Kanini.

Kanini wa mbuzi, Kanini wa ng'ambo ya ua. Alikuwa na presha tangu ujana wake, na kila mtu alimjua kwa mfuko wa nailoni uliokuwa ukilia mkobani, umejaa vidonge. Akatembea hadi mbele kwa shida, akauweka mfuko huo kapuni. "Mimi si mtu wa maneno mengi," akasema. "Lakini nilimwona jirani yangu Wayua akisimama hapa. Sisi hatuongei, mnajua. Nikajiambia, Mungu wa Wayua hatanipita mimi. Nami naacha." Kanisa likashangilia. Wayua aliona mikono inapiga makofi, akagundua ni mikono yake.

Wiki ile hakutwanga vizuri. Alikuwa akiinua mchi, anasimama, anachungulia kwenye minyaa. Siku moja akamwona Kanini ameshikilia nguzo ya zizi, amefumba macho. Siku nyingine akamwona amekaa chini kivulini mchana kutwa, kitambaa cha maji kichwani. Wayua akasogea hadi uani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mbaazi.

"Kanini. Usiache dawa."

Kanini akafumbua jicho moja. "Na wewe si uliacha?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, hapana mtu mwingine, kuku tu. Wayua akavunja kijiti cha minyaa, akakitupia kuku.

"Unataka uponyaji uwe wako peke yako," Kanini akasema, akafumba jicho. "Hata hapo una uchoyo."

Wayua akarudi kwenye kinu. Alikasirika, akatwanga kwa nguvu hadi mabega yakamuuma, na katikati ya hasira akajiona jinsi atakavyokuwa: amesimama kaburini kwa Kanini, amevaa ile nguo ya buluu, anaimba na wengine, huku vidonge vyake viko salama kwenye kopo la chumvi. Akaweka mchi chini.

Jumapili hakungoja kuitwa.

"Bwana asifiwe," akasema, na waliomzoea wakaanza kutabasamu. Akatoa pakiti mkobani, akainyanyua juu. "Hii nakunywa. Kila jioni. Siku ile niliwaambia mafuta yameisha, na mimi niliamini hivyo. Hayakuwa yameisha. Dawa ndiyo ilikuwa imeyashika. Nilipoacha yalirudi, na daktari akaniambia, na nikawaficha kwa sababu niliona haya." Akamgeukia Nduku. "Nduku, ile jioni sikukufukuza kwa kiburi. Nilitaka uondoke ili nimeze. Na Kanini..." Akamtafuta kwa macho, akamwona kwenye kiti cha nyuma. "Kanini, toa dawa zako kwa hili kapu. Nakuomba. Mungu anisamehe, lakini sitaki uende kwa sababu yangu."

Akashuka. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, akaacha. Mchungaji Evanson akashika kipaza sauti, akasafisha koo, akasema tuiombee imani ya dada yetu, kisha akaanzisha wimbo, na wimbo ulikuwa wa matoleo. Kanini hakusogea kitini. Ibada ilipokwisha watu walisimama uwanjani makundi makundi, na Wayua alipopita makundi yakafunguka kidogo kumpisha. Nduku alikuwa akitafuta kitu mkobani, akakitafuta mpaka Wayua alipotoka langoni. Mfuko wa nailoni ulikuwa bado kapuni. Wayua alikuwa ameutazama.

Jioni hiyo Kyule alipiga, akauliza kama yuko salama, Wayua akasema yuko, mteja akaingia dukani, simu ikakatika. Akapasha moto chakula, akala. Safari hii hakufunga mlango. Akauacha wazi kabisa, akakaa kizingitini na bilauri ya maji, akameza mahali ambapo yeyote angeweza kumwona. Hapakuwa na yeyote. Akalia hapo, waziwazi, bila wa kumwuliza.

"Wayua!"

Sauti ilitoka kwenye minyaa, kavu, ya mtu aliyekasirika.

"Naam?"

"Umemeza?"

Wayua akajifuta uso. "Nimemeza."

"Hata mimi. Nilirudi kuzichukua mchungaji akinywa chai. Ulinidanganya vibaya wewe."

"Najua."

Akasikia viatu vikiburuzwa, mlango wa Kanini ukafungwa.

Hawakuwa marafiki baada ya hapo, mtu asidhani. Kanini hakuvuka ua hata mara moja, na mbuzi wake bado wana tabia ile ile. Ushirika wa Jumatano haujarudi kwa Wayua. Sokoni Nduku humsalimia na kupita. Lakini kila jioni, giza likianza kushika minyaa, swali lile huja kutoka ng'ambo, na zile siku za kwanza Wayua alikuwa akijibu upesi kwamba amemeza, halafu anasikia mlango ukifungwa, basi, mpaka kesho.

Siku hizi hamezi mapema. Anakula, anakaa kizingitini, kidonge kiganjani, anangoja.

"Wayua! Umemeza?"

"Bado," anajibu.

"Meza basi," sauti inasema. "Mimi nasubiri hapa."

Naye anakunywa yale maji polepole.